Mkataba wa Kabla ya Ndoa na Maandalizi ya Kutengana: Nafasi Yake katika Sheria na Desturi za Tanzania

Ikisiri

Makala hii inafafanua dhana ya mkataba wa kabla ya ndoa na nafasi yake katika sheria na desturi za Tanzania, hususan Tanzania Bara. Suala linaloshughulikiwa ni iwapo makubaliano yanayofanywa na wachumba kuhusu mali na uwezekano wa kutengana ni jambo geni lililopandikizwa, au ni sura mpya ya jambo ambalo jamii imekuwa ikilifanya kwa njia nyingine. Makala inachambua msamiati wa Kiswahili unaohusu kuachana, taratibu za posa na akdi, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983. Kisha inalinganisha hali hiyo na ile ya Kenya. Hoja kuu ni kwamba mkataba wa aina hii unaweza kulinda jasho lisiloandikwa la mwanandoa mmoja, lakini unaweza pia kulifuta. Tofauti kati ya matokeo hayo mawili inategemea namna mkataba ulivyoandaliwa.

1.0 Utangulizi

Kutaja kuachana mbele ya watu wanaojiandaa kuoana huhesabiwa kuwa uchuro. Mchumba anayependekeza kwamba mali ziorodheshwe kabla ya harusi hudhaniwa kuwa ana mguu mmoja nje, au kwamba amefuata mali. Hata hivyo, jamii hiyohiyo inayoona uchuro katika karatasi ndiyo yenye methali isemayo mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo hutumika katika biashara, ushirika na mirathi, lakini haitumiki sana katika ndoa, ingawa kwa watu wengi ndoa ndiyo ubia mkubwa kuliko wote watakaouingia maishani.

Matokeo ya ukimya huo huonekana ndoa inapovunjika. Mahakama hulazimika kuuliza maswali ambayo wahusika hawakuwahi kuulizana: kiwanja kilinunuliwa lini na kwa fedha za nani, nani alilipa fundi, nani alilipa karo, na nani aliacha kazi ili alee watoto. Majibu hutolewa na watu wenye uchungu, wakitegemea kumbukumbu za miaka kumi au ishirini iliyopita. Mkataba wa kabla ya ndoa hulenga kuyajibu maswali hayo mapema, wakati wahusika bado wanasikilizana.

2.0 Ufafanuzi wa Dhana

Kwa mujibu wa makala hii, mkataba wa kabla ya ndoa ni makubaliano ya maandishi kati ya watu wawili wanaokusudia kuoana, yanayoeleza haki na wajibu wao kuhusu mali, madeni na matumizi wakati wa ndoa, na iwapo ndoa hiyo itafikia ukomo. Mambo matatu katika msamiati wa Kiswahili yanasaidia kuielewa dhana hii.

Kwanza ni maneno yanayotumika kuitaja. Neno mkataba limetokana na mzizi wa Kiarabu unaohusu kuandika, mzizi uleule uliozaa kitabu na katibu. Neno makubaliano linatokana na kitenzi kubali, chenye nasaba moja na neno kabuli linalotumika katika akdi ya ndoa ya Kiislamu. Neno mapatano, kwa upande wake, linatokana na kitenzi cha Kibantu pata katika kauli ya kutendana. Hivyo basi, lugha yenyewe inatofautisha tendo la kukubali na tendo la kuandika yaliyokubaliwa. Ndoa nyingi nchini zina makubaliano na mapatano tele. Kinachokosekana ni maandishi.

Pili ni vitenzi vya kuvunjika kwa ndoa. Katika matumizi ya mazoea, mwanamume huoa na huacha, ilhali mwanamke huolewa na huachwa. Kitenzi kuachana, chenye kauli ya kutendana, kinawafanya wote wawili kuwa watenda. Mkataba wa kabla ya ndoa umejengwa juu ya kitenzi hicho cha mwisho. Unachukulia kwamba pande zote mbili zina sauti katika kuingia na katika kutoka.

Tatu, kutengana na talaka si jambo moja. Wanandoa waliotengana bado ni mume na mke mbele ya sheria, hata kama kila mmoja analala kwake. Talaka ndiyo inayokata ndoa. Kwa hiyo, mkataba unaotaja kutengana pekee bila kueleza hatima ya mali baada ya talaka huacha pengo, na unaotaja talaka pekee husahau kipindi ambacho pengine ndicho kigumu zaidi, yaani miezi au miaka ambayo wahusika wanaishi mbalimbali huku kodi ya nyumba, mkopo na karo vikiendelea kudaiwa.

3.0 Maandalizi ya Kuachana katika Desturi na Dini

Hoja kwamba kuzungumzia kuachana kabla ya ndoa ni jambo la kigeni inadhoofika pale taratibu za asili zinapochunguzwa. Katika jamii nyingi zinazofuata ukoo wa baba, mazungumzo ya mahari yanayoongozwa na mshenga huhusu pia swali la kurejeshwa kwa mahari hayo iwapo ndoa itavunjika. Amri ya Tamko la Sheria za Mila ya mwaka 1963 iliyaweka masuala ya mahari na marejesho yake katika maandishi. Hii ina maana kwamba wazee waliokaa mkekani kupokea posa walikuwa wakipanga ndoa na mwisho wake katika kikao kimoja. Kasoro ya utaratibu huo ni kwamba wenye kujadiliana walikuwa wazee wa pande mbili, na mali iliyozungumzwa ilikuwa ya koo. Jasho la mke mwenyewe ndani ya ndoa halikuwa na fungu.

Katika ndoa ya Kiislamu, akdi yenyewe ni mkataba. Mahari ni haki ya mke, na yanaweza kugawanywa katika sehemu inayotangulizwa na sehemu inayoakhirishwa, ambayo hudaiwa talaka inapotolewa au mume anapofariki. Sehemu hiyo ya pili ni akiba ya mke kwa siku ya kuachana, na hupangwa siku ya furaha. Aidha, fikihi inatambua masharti ndani ya akdi, japokuwa madhehebu hutofautiana kuhusu nguvu zake. Mathalani, sharti la mume kutoongeza mke linakubalika katika madhehebu ya Hanbali, na likivunjwa mke hupata haki ya kuivunja ndoa. Kwa madhehebu ya Shafi, yenye wafuasi wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, sharti hilo ni batili ingawa ndoa yenyewe hubaki sahihi. Kwa hiyo, wachumba wa Kiislamu wanaoandika masharti hawana budi kujua masharti hayo yatapimwa kwa fikihi ipi na katika chombo gani.

4.0 Msimamo wa Sheria ya Ndoa ya Mwaka 1971

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo inatumika Tanzania Bara, haikutenga sehemu maalumu kwa ajili ya mkataba wa kabla ya ndoa. Hata hivyo, mlango upo. Kifungu cha 58 kinaeleza kwamba ndoa haibadilishi umiliki wa mali ya mume au mke, isipokuwa pale wahusika wanapokubaliana vinginevyo. Kifungu cha 60 kinaongeza kwamba mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa yake, na ile iliyo kwa majina ya wote wawili huchukuliwa kuwa yao kwa usawa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Makubaliano ya maandishi ni mojawapo ya njia za uthibitisho huo.

Uhuru huo una mipaka. Mpaka wa kwanza ni kifungu cha 114, kinachoipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja wakati wa ndoa. Katika kufanya hivyo, mahakama huzingatia mila za wahusika, kiwango cha mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, madeni yaliyoingiwa kwa manufaa ya wote, na mahitaji ya watoto. Kisha, ndani ya mazingatio hayo, huelekea kwenye usawa. Kifungu hichohicho kinajumuisha mali ambayo mmoja alikuwa nayo kabla ya ndoa lakini ikaendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au na wote wawili. Mkataba, kwa hiyo, unaweza kuisaidia mahakama kuujua mchango, lakini hauwezi kuinyang'anya mamlaka hayo.

Mpaka wa pili unahusu watoto. Kifungu cha 125 kinaweka ustawi wa mtoto kuwa jambo la kwanza katika kuamua nani akae naye, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasisitiza msingi huohuo. Wachumba hawawezi kumgawa mtoto ambaye hajazaliwa, wala kusamehe matunzo yake, kwa kuwa haki hiyo ni ya mtoto mwenyewe.

Mpaka wa tatu ni utaratibu wa talaka. Sheria inataka shauri lipitie kwanza kwenye bodi ya usuluhishi, inazuia kuomba talaka ndani ya miaka miwili ya mwanzo bila ruhusa ya mahakama, na inataka mahakama iridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Kifungu cha mkataba kinachosema kwamba ndoa itakoma yenyewe tarehe fulani au tukio fulani likitokea hakina nguvu mbele ya masharti hayo.

Mpaka wa nne umo katika sheria za ardhi na mikataba. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinazuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, katika kifungu cha 161, inamtambua mwanandoa aliyechangia kwa kazi yake katika uzalishaji, utunzaji au uendelezaji wa ardhi iliyoandikwa jina la mwenzake kuwa amepata maslahi katika ardhi hiyo. Kwa upande mwingine, Sheria ya Mikataba inataka ridhaa huru na uwezo wa kisheria. Hapa linajitokeza suala la umri. Mtu aliye chini ya miaka 18 hana uwezo wa kufunga mkataba, ilhali Sheria ya Ndoa iliruhusu msichana kuolewa akiwa na umri mdogo zaidi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri la Rebeca Gyumi, iliamua kwamba vifungu vilivyoruhusu hali hiyo vinakiuka Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikauunga mkono uamuzi huo. Binti asiyeweza kisheria kutia saini mkataba wa kupangisha chumba hawezi kulindwa na mkataba wa kabla ya ndoa.

5.0 Jasho Lisiloandikwa: Funzo la Mwaka 1983

Kabla ya mwaka 1983 mahakama zilitofautiana kuhusu maana ya juhudi za pamoja. Baadhi ziliona kwamba kupika, kufua na kulea ni wajibu wa mke tu, na kwamba wajibu hauwezi kuwa mchango. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika upatikanaji wa mali ya familia. Uamuzi huo ndio msingi wa mashauri mengi yaliyofuata.

Hata hivyo, mwisho wa shauri hilo husahaulika mara nyingi. Mrufani aliyeshinda kwa kanuni hakupata mgawo. Mahakama ilizingatia kwamba alikuwa amepewa fedha na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia, akazitumia vibaya, na kwamba thamani ya mchango wake ilikuwa imemezwa na jambo hilo. Funzo la shauri hilo ni la aina mbili. Kazi ya nyumbani ina thamani. Lakini thamani hiyo ikiachwa bila kipimo mpaka siku ya shauri, hupimwa na mtu wa nje, kwa ushahidi uliobaki.

Ugumu huo unaweza kuonyeshwa kwa mfano wa kubuni. Mwanamume ana kiwanja na msingi wa nyumba mjini Kibaha. Anamwoa nesi. Wanakubaliana kwa mdomo kwamba mshahara wa mke ushughulikie chakula, karo na msaidizi wa kazi, na wa mume uelekezwe kwenye ujenzi. Kila mmoja anatumia shilingi 400,000 kwa mwezi. Baada ya miaka 10 kila mmoja ametoa shilingi 48,000,000. Za mume zimesimama kama kuta, madirisha na bati, na zina stakabadhi zenye jina lake. Za mke zimepita chunguni na darasani. Hati ya kiwanja ina jina la mume. Wakiachana, mume anakuja mahakamani na nyumba, naye mke anakuja na maelezo.

Kifungu cha 114 kinamruhusu mke huyo kudai, na uamuzi wa mwaka 1983 unampa nguvu. Hata hivyo, mzigo wa uthibitisho uko mabegani mwake. Sentensi moja ya mkataba, inayosema kwamba fedha za matumizi ya nyumbani zitahesabiwa sawa na fedha za ujenzi katika kukokotoa mchango, ingempunguzia mzigo huo. Kwa kipimo hicho, mkataba wa kabla ya ndoa ni daftari la wasio na hati miliki.

Lakini mkataba huohuo ungeweza kuandikwa kinyume. Sentensi isemayo kwamba kila mali ni ya yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye hati ingeonekana ya haki na ya usawa, kwa kuwa inawabana wote wawili kwa maneno yaleyale. Matokeo yake yangekuwa kumrudisha mke mahali alipokuwa kabla ya mwaka 1983, safari hii kwa saini yake mwenyewe. Hatari hii ndiyo inayofanya swali la kuwa na mkataba au kutokuwa nao lisijitoshe. Ni lazima kuuliza mkataba unahesabu nini.

6.0 Ulinganisho na Kenya

Kenya imelishughulikia suala hili kwa uwazi zaidi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, katika kifungu cha 6, inawaruhusu watu wanaokusudia kuoana kufanya makubaliano kuhusu haki zao za mali. Inaruhusu pia mmoja wao kuiomba mahakama iyatengue, na mahakama inaweza kufanya hivyo ikiwa yalitokana na udanganyifu au kulazimishwa, au ikiwa ni dhalimu kwa namna iliyo wazi. Sheria hiyo inataja mchango usio wa fedha, ukiwamo utunzaji wa nyumba, malezi ya watoto, kuwa mwenzi, usimamizi wa biashara ya familia na kazi za shamba.

Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba usawa wa wanandoa unaotajwa na Katiba ya mwaka 2010 haumaanishi kwamba mali hugawanywa nusu kwa nusu kila mara. Kila mmoja hupata kulingana na mchango wake. Uamuzi huo unaongeza umuhimu wa kumbukumbu. Mahali ambapo sheria haigawi nusu moja kwa moja, kama ilivyo Kenya na Tanzania, asiye na ushahidi wa mchango ndiye anayepoteza. Kwa Tanzania, mfano wa Kenya unaonyesha kwamba inawezekana kuutambua mkataba na papo hapo kuweka kipimo cha kuukataa.

7.0 Sifa za Mkataba wa Haki

Kutokana na uchambuzi uliotangulia, sifa tano zinaweza kupendekezwa kama vigezo vya kupima mkataba wa aina hii.

(a) Uwazi. Kila mmoja ataje mali na madeni yake yote, yakiwamo mikopo ya mshahara, hisa katika SACCOS na VICOBA, na ardhi ya ukoo ambayo hana mamlaka ya kuigawa.

(b) Muda. Mkataba unaoletwa wakati kadi zimekwisha gawiwa, michango imekusanywa na ukumbi umelipiwa hauachi nafasi ya kusema hapana. Ridhaa iliyotolewa chini ya hofu ya aibu ni ridhaa yenye mashaka.

(c) Lugha na ushauri. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, hakuna sababu ya wachumba wanaozungumza Kiswahili kutia saini waraka wa Kiingereza wasioulewa. Kila upande upate pia mshauri wake. Wakili mmoja anayelipwa na upande mmoja hawezi kuwa mshauri wa wote.

(d) Kuhesabiwa kwa kazi isiyo na malipo. Malezi, uuguzi wa wazee, kilimo cha chakula na kuacha ajira kwa ajili ya familia vitajwe kwa majina na vipewe uzito.

(e) Mapitio. Kuzaliwa kwa mtoto, ugonjwa, mkopo mkubwa au kupoteza kazi hubadili mizani. Mkataba useme utapitiwa lini na kwa utaratibu gani, na useme ni nani atakayesuluhisha kabla ya shauri kufika kwenye bodi.

8.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba kupanga hatima ya mali kabla ya ndoa si jambo geni katika Tanzania. Mshenga, mahari yanayorejeshwa na mahari yaliyoakhirishwa ni ushahidi wa jamii zilizokuwa zikiitazama siku ya kuachana bila kuiombea ije. Jambo jipya ni kwamba wanaopanga sasa ni wahusika wenyewe, na kwamba mali inayozungumzwa ni ile watakayoichuma pamoja.

Sheria ya mwaka 1971 imeacha mlango wazi bila kuweka kizingiti cha kutosha. Inatambua makubaliano, lakini haisemi yapimwe vipi. Ni vyema marekebisho yajayo yakaeleza umbo la mkataba wa kabla ya ndoa, sababu za kuutengua, na namna kazi za nyumbani zitakavyohesabiwa ndani yake. Mpaka hapo yatakapofanyika, mahakama zitaendelea kupima kila mkataba kwa kifungu cha 114, na kila mwanandoa asiye na jina kwenye hati ataendelea kutegemea ufasaha wake wa siku moja kizimbani kueleza kazi ya miaka mingi.